MWANDIKO WA MAMA: USOMEKE KWANZA, UPENDEZE BAADAYE

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya akina mama, katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Yametolewa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)





Mnakumbuka mkutano uliopita tulipitisha kikapu, kila mtu akaandika kwenye kikaratasi jambo ambalo angependa tulizungumzie. Wengi waliandika mikopo, kuku wa kienyeji na karo ya shule. Kikaratasi kimoja kilikuwa na jambo tofauti. Mama huyo, ambaye sitamtaja, aliuliza: Nitafanya nini ili niwe na mwandiko mzuri wa kike? Alisema wake ni kama wa mwanaume mwenye haraka, na watu wanamcheka.

Naona wengine mnatabasamu. Mnaona ni jambo dogo, la wasichana wa shule. Mimi kikaratasi hicho nilikiweka juu ya vingine vyote, na nitawaambia kwa nini.

Kuna kikundi kimoja ninachokitembelea, kina wamama 22. Kitabu chao cha pesa kilikuwa kinaandikwa na kijana wa kiume, mtoto wa mwanachama. Nikauliza, hapa hakuna mama aliyesoma? Wakanionyesha mmoja aliyemaliza darasa la nane. Nikamwuliza, mama, mbona wewe hushiki kalamu? Akainama, akasema mwandiko wake unatia aibu, ni kama kuku amepekua mchangani. Hata kwenye orodha ya waliohudhuria alikuwa anaweka kidole gumba, na kusoma anajua!

Basi nikafungua kitabu. Kijana ana mwandiko wa kupendeza kabisa. Lakini kuna mahali pamefutwa, na kuna mikopo miwili ambayo hakuna aliyejua ilichukuliwa na nani. Simwiti kijana huyo mwizi. Pengine alikosea tu. Ninachosema ni kwamba wamama 22 hawakuwa na njia ya kujua, kwa sababu yule mmoja ambaye angeweza kukagua aliogopa kuchekwa. Mwenye kalamu ndiye mwenye kikundi. Kwa hivyo mwandiko si jambo dogo.

MWANDIKO WA KIKE NI NINI?

Tukisema mwandiko wa kike, mara nyingi tunamaanisha herufi za mviringo, zilizolingana, zilizopangwa safi kwenye mstari, na mikia iliyokunjwa vizuri. Je, Mungu alimwumba mwanamke na mwandiko huo? Hapana. Watu wakionyeshwa miandiko wakisie ni ya mwanamke au mwanaume, wanapata zaidi ya yule anayebahatisha tu, lakini bado wanakosea mara nyingi. Nionavyo mimi, tofauti inatokana na malezi. Msichana anaambiwa kitabu chake kiwe safi, anakaa bwenini akinakili nyimbo na kuwaandikia marafiki barua. Kijana anaambiwa maliza upesi ukacheze mpira. Kama ni mazoezi yanayoleta mwandiko huo, basi hata mama wa miaka 50 anaweza kuupata. Hujachelewa.

Lakini nawaonya, kwa sababu mimi mwenyewe niliangukia hapo. Mwaka 2009, wakati wa ukame, nilikuwa naandikisha familia za kupewa chakula cha msaada upande wetu wa Ukambani. Siku hizo nilijivunia sana mwandiko wangu. Kila herufi ilikuwa na mkia, na hata namba nilizitia madoido. 7 yangu ilikuwa na kichwa kidogo kilichopinda na mgongo mrefu. Mama mmoja alikuwa na watu 7 nyumbani kwake. Aliyenakili orodha akasoma 1. Siku ya kugawa, mama yule akapewa chakula cha mtu mmoja. Alipokuja kulalamika nikaitafuta karatasi yangu nimwonyeshe kwamba niliandika sawa. Nikaangalia, na hata mimi nikasoma 1. Tulirekebisha, lakini zilipita wiki mbili. Wale watoto hawakula madoido yangu.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: usomeke kwanza, upendeze baadaye.

TUANZE NA MKONO

Kaa vizuri, miguu yote miwili chini, na mkono wote ulale mezani. Kama huna meza, weka ubao au kitabu kigumu mapajani. Anayetumia mkono wa kulia ainamishe karatasi kidogo, upande wa juu uelekee kushoto. Wa mkono wa kushoto ainamishe upande wa juu uelekee kulia. Na tafadhali, tusiwachape watoto wanaotumia mkono wa kushoto. Wageuzie karatasi, utaona.

Biro ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, ilale juu ya kidole cha kati. Ishike kama unavyoshika kifaranga: usikibane kikafa, wala usikilegezee kikatoroka. Wengi wetu mikono imezoea jembe, tunabana sana. Jipime hivi: geuza karatasi, upapase nyuma. Ukisikia matuta, unakandamiza mno. Ndiyo maana unachoka mapema na herufi zinakuwa na pembe.

HERUFI ZINAZOTUGOMBANISHA

Kwa Kiswahili chetu herufi moja inageuza maneno yote. Chukueni kalamu muandike pamoja nami.

A isipofungwa juu inakuwa u. Umeandika "hana deni", mwingine anasoma "huna deni". Funga a yako, na o, na d, na g.

H ikikosa shingo ndefu inakuwa n. "Hakulipa" inasomwa "nakulipa". (Kicheko.) Mnacheka, lakini ugomvi wa vikundi vingapi umeanzia hapo? H, l, k, b na t ziwe ndefu, zikaribie mstari wa juu. A, e, o, n, m na u zote ziwe kimo kimoja, kama nusu ya nafasi kati ya mistari.

E iwe na jicho wazi, isifanane na i. R isifanane na v.

Sasa namba. 1 ni fimbo iliyosimama. 7 mpe mkato katikati ya mgongo. 4 na 9 zitenganishwe, 0 na 6 vilevile. Kwenye namba hakuna madoido hata kidogo. Pesa iandikwe kwa tarakimu na tena kwa maneno: Ksh. 1,500, shilingi elfu moja mia tano. Ukikosea usifute, wala usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika sahihi yake pembeni, na wawili watie saini.

SASA TUUPAMBE

Mama wa kikaratasi, sijakusahau. Ukishasomeka, unaweza kuulainisha mwandiko wako hivi.

Kwanza, chagua mwelekeo. Herufi zisimame wima, au zilale kidogo kuelekea kulia. Lolote ni zuri, mradi zote zielekee upande mmoja. Kinachofanya ukurasa uonekane fujo ni herufi moja kulala kulia na jirani yake kushoto.

Pili, geuza pembe kuwa mviringo. N na m ziwe na migongo ya mviringo kama vilima, u iwe kama kibuyu kilichokatwa. Hapo peke yake mwandiko unabadilika sana.

Tatu, acha nafasi. Kati ya neno na neno ingie herufi o moja. Maneno yaliyobanana hayapendezi hata herufi zikiwa nzuri.

Nne, mikia. G, j na y zipewe kitanzi cha mviringo chini, kisichogusa mstari unaofuata. Herufi kubwa ya mwanzo wa jina unaweza kuipinda kidogo. Hayo yanatosha. Chagua mapambo mawili uyazoee. Mapambo kumi ni kama kuvaa kanga tano kwa wakati mmoja. Na vile viduara na vimoyo juu ya i, waachieni wasichana wa shule.

Fanya mazoezi dakika 15 kila siku, kwa wiki sita. Usiandike a, b, c peke yake, utachoka. Andika majina ya wanachama wenu, maana ndiyo utakayoyaandika kila mkutano. Ukurasa wa kwanza uutie tarehe na uuweke. Wiki ya sita uutoe, ulinganishe.

Jambo moja la hatari: sahihi yako. Mkiwa nyinyi ndio mnaotia sahihi benki, msiibadilishe kwa sababu mwandiko umekuwa mzuri. Benki inalinganisha na ile mliyoandika siku ya kwanza. Ikikataa, pesa za kikundi zitakwama. Ukitaka sahihi mpya, nenda benki na kitambulisho, uibadilishe rasmi.

Mtaniuliza, siku hizi kuna simu na M-Pesa, ya nini kalamu? Ni kweli, tangu 2007 M-Pesa imetusaidia sana. Lakini ujumbe wa simu unaonyesha pesa zimetoka kwa nani na kwenda kwa nani. Hausemi kikundi kiliamua nini, nani alipinga, na mkopo utarudishwa lini. Hayo ni ya kitabu cha kumbukumbu.

MKONO WAKO MWENYEWE

Wamama, kuna wanaosema kalamu si ya mwanamke. Waambieni kwamba mwaka 1858 Mwana Kupona, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wa kumwusia binti yake, na mwanzoni kabisa anamwita aje na wino na karatasi. Na kumbukeni hapa Kenya wanawake walianza kuandikishwa kwa vitambulisho baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978. Wengine hapa mama zenu waliolewa na kuzaa bila kitambulisho chochote chenye jina lao. Leo unacho, na kina nafasi ya sahihi. Kwa nini uweke kidole na mkono unajua kuandika?

Nimalizie na Mtume Paulo. Barua zake alizoea kumsomea mwandishi. Ile ya Warumi iliandikwa na Tertio, naye anatoa salamu zake katika sura ya 16. Lakini ukisoma Wagalatia sura ya 6, utaona Paulo mwenyewe amechukua kalamu, na anawaambia wasomaji waangalie jinsi herufi zake zilivyo kubwa. Hakuona haya. Hakungoja mwandiko wake uwe kama wa Tertio. Alitaka wajue kwamba maneno hayo yametoka kwake.

Yule mama wa darasa la nane nilimpa kitabu na biro, nikamwomba aandike jina lake. Aliandika polepole, herufi kubwa, zimejaza mistari miwili. Wenzake wakanyamaza. Kisha mmoja asiyejua kusoma akauliza, na langu linaandikwaje? Akamwandikia. Mpaka tunafunga mkutano alikuwa ameandika majina yote 22, na alikuwa ameuliza swali moja kuhusu ile mikopo miwili. Siku hizi yeye ndiye katibu. Mwandiko wake bado si wa kike sana. Lakini unasomeka, na hakuna palipofutwa.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja arudi mwezi ujao na ukurasa wake wa kwanza na wa mwisho. Mama wa kikaratasi, wako nitaufurahia zaidi.

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu.