Sheria Ikazwe kwa Dereva na kwa Tajiri
(Maneno waliyoambiwa wanachama wa Tuala na Kitengela)



Tumekutana kusema juu ya nidhamu barabarani. Kila alfajiri wengi wetu hupanda matatu kwenda kazini, na wengine wetu ndio wanaoziendesha. Barabara ya Namanga twaijua: malori mazito, pikipiki, watoto wa shule wanaovuka. Dereva apitaye kando ya lami ili awahi, haichezei roho yake tu. Achezea roho za abiria wote.

Kwa hiyo hatusemi sheria ilegezwe. Twasema ikazwe. Wengi mnakumbuka Februari 2004, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipoanza kuzitekeleza kanuni za mwaka 2003. Matatu isiyo na mikanda, wala kidhibiti mwendo cha kilometa 80 kwa saa, haikuruhusiwa barabarani. Watu walitembea kwa miguu siku zile, lakini baadaye abiria aliketi kwenye kiti chake, hakuning'inia mlangoni. Sheria ilipolegea, maovu yakarudi.

Lakini ndugu, kanuni zile zilikuwa na upande wa pili, nao umesahauliwa: ziliagiza mwenye gari aajiri dereva na kondakta kwa kazi ya kudumu. Tena Sheria ya Trafiki, tangu ilipobadilishwa mwaka 2012, yakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, na yamkataza mwajiri kumruhusu. Je, ni nani akaguliwaye kwa hayo? Dereva anayedaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, na mshahara wake ni mabaki, atakimbia hata ukiweka askari kila kona.

Basi twadai hivi: askari akimkamata dereva kwa mwendo, aulize pia saa alizofanya kazi na barua yake ya ajira.

Na sisi tuna wajibu wetu:

1. Tusitoe hongo. Anayelipa mkononi leo anunua kosa la kesho.
2. Tusikubali kuondoa gari bovu kituoni.
3. Kila dereva adai barua ya kazi, aandike saa zake, na akionewa alete habari chamani.

Sheria imkamatayo dereva na kumwacha tajiri ni nusu ya sheria. Sisi twaitaka nzima.

Umoja ni nguvu.