Tusikubali Kushindwa Kabla ya Kuhesabu
(Hotuba fupi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Juzi tulikwenda kutazama mashindano ya sataranji, au chesi kama vijana wanavyoita. Wachezaji wote walikuwa wamemaliza isipokuwa wawili wa klabu: mwalimu mmoja mzee na kijana fundi wa baiskeli. Kijana alikuwa amebaki na mfalme peke yake. Mwalimu alikuwa na mfalme na askari mmoja. Askari akifika mwisho wa ubao hugeuzwa malkia, na hapo kazi imekwisha.

Watu wakanong'ona, "Si akubali tu twende nyumbani?" Hata sisi tulifikiri hivyo.

Kumbe kijana alikuwa ameona jambo. Askari yule alikuwa kwenye mstari wa pembeni kabisa. Basi akamwendesha mfalme wake pole pole mpaka kwenye pembe ya ubao, mbele ya askari. Pale hakuna wa kumtoa. Mwalimu akisukuma, njia imezibwa. Akimbana zaidi, mfalme wa kijana anakosa pa kukanyaga. Na sheria yasema: mfalme asiyeshambuliwa, lakini hana hatua ya kufanya, hakushindwa. Mchezo ni sare. Mshindi hupata pointi moja, aliyeshindwa sifuri, na wa sare kila mmoja nusu.

Mwalimu akajaribu mara mbili, tatu, kisha akatoa mkono. Baadaye wakarudisha kete nyuma pamoja kutafuta kosa. Mwalimu akacheka: askari wake alikuwa mstari wa pili, lakini kwa tamaa ya kula kete moja akampeleka pembeni. Angemwacha pale pale, pengine angeshinda.

Wapendwa, kuna kikundi hapa ambacho kuku wao wamekufa, na sasa wanataka kugawana shilingi zilizobaki na kuvunja kikundi. Hatuwadanganyi kwamba mtapata faida mwaka huu. Tunasema hivi: kabla ya kuvunja, hesabuni kilichobaki. Kuna banda. Kuna daftari. Kuna watu wanaoaminiana. Kumaliza mwaka bila faida na bila deni ni nusu pointi, nayo huandikwa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kikundi chetu kimebaki na nini?
2. Ni tamaa gani iliyotupeleka pembeni?
3. Je, tunakaa pamoja kutafuta kosa, au tunalaumiana?