Si Uroho Tu

Mwaka 2010, watafiti Paul Johnson na Paul Kenny, huko Florida, Marekani, waliwapa baadhi ya panya soseji, bekoni na keki mchana kutwa. Panya hao wakanenepa. Kisha ikawashwa taa ambayo walikwisha kufundishwa kuwa inaleta shoti ya umeme miguuni. Panya wengine, waliozoea chakula cha kawaida, walipunguza kula. Wale wanene wakaendelea, taa inawaka! Ubongoni mwao, vipokezi vya dopamini, kemikali inayochochea hamu, vilikuwa vimepungua.

Binadamu si panya, na wataalamu bado wanabishana kuhusu uraibu wa chakula. Lakini ndugu msikilizaji, jirani akishindwa kuacha soda na chipsi, tafadhali usimwite mlafi. Msindikize kwa daktari.