Kibanda cha Video ni Ukumbi wa Sanaa



Tukitaja maonyesho ya sanaa ya video Nairobi, fikra hukimbilia kumbi za katikati ya jiji. Kwangu mimi, ukumbi uliowalea watazamaji wa mitaa kama Kibera na Kawangware ni kibanda cha mabati. Mlangoni pana ubao wa chaki: filamu ya mchana, mechi ya jioni. Ndani kuna mabenchi, pazia zito la kuzuia mwanga, na televisheni iliyoinuliwa ili wa nyuma naye aone. Sauti inayotawala ni ya DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng. Anakuonyesha stelingi ni nani, anamkejeli adui, anakuhimiza usipepese macho. Wasimamizi wa makumbusho hutafuta wafadhili ili wapate mtu wa kuifanya kazi hiyohiyo.

Mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alifunika mapaa ya Kibera, mita za mraba 2,000 hivi, kwa picha za nyuso za wanawake wa pale. Zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, basi nyumba zikapata kinga ya mvua. Hilo ni jambo jema. Lakini picha ya paa huonwa na aliye juu. Kilichonigusa mimi ni sehemu nyingine ya kazi hiyo: garimoshi. Macho ya wanawake hao yalibandikwa kwenye mabehewa, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mabati mteremkoni, chini ya reli. Garimoshi lilipopita, uso ulikamilika kwa nukta chache, kisha ukavunjika. Hiyo ni picha inayotembea, na aliyesimama kando ya reli aliiona bila kiingilio.

Wenyeji nao hawakukaa wakingoja wageni. Mwaka 2011 Hot Sun Foundation ya Kibera na Slum TV ya Mathare zilianzisha Slum Film Festival, wakazi wakaonyeshwa filamu kuhusu maisha kama yao, mtaani mwao. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetoka *Togetherness Supreme*, iliyopigwa Kibera, kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Filamu kama hiyo ikionyeshwa ng'ambo hupigiwa makofi. Ikionyeshwa Kibera hujibiwa, maana waliokaa kwenye mabenchi waliyaona yale mambo kwa macho yao. Majibu hayo ni sehemu ya kazi ya sanaa, nasi tumeyaacha yapotee bila kurekodiwa.

Kwa hiyo naiomba Idara yetu: mwanafunzi akipiga video Kawangware, asipewe alama kabla hajaionyesha Kawangware, kibandani, kwa saa iliyolipiwa kutoka bajeti ya chuo. Mwenye kibanda alipwe kama anavyolipwa mwenye ukumbi wa mjini, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliofanikisha kazi.