Tupime Kilo za Mama, si za Mutoto Tu
Maneno yaliyosemwa na muuguzi, memba wetu, kwenye mkutano wa wanachama, Moba

 

Sisi tuliokaa kambini Mwange na Kala, kule Zambia, tunakumbuka kuvuka ziwa toka Mpulungu mpaka hapa Moba. Wengi tulikuta mashamba yamekuwa pori. Mbele ya mavuno ya kwanza, nani alikula kidogo kuliko wote mu nyumba? Ni mama. Anagawia watoto fufu, yeye anabaki na ya chini ya chungu, hata kama ana mimba.

Mutoto akizaliwa mbele ya wiki 37, hajatimiza siku zake. Akiwa chini ya gramu 2,500, ni mwepesi. Sababu ni nyingi: malaria, mapacha, damu kupanda. Lakini mama aliyebeba mimba akiwa amekonda, na asiongeze kilo, hatari yake inazidi. Ndiyo maana kwenye CPN wanamupima kwenye mizani na kumupima mkono. Si kumusumbua.

Wengine wanasema: «Nimekonda, maziwa yangu haina nguvu,» wanapatia mutoto uji ao maji ya sukari. Hapana! Maziwa ya mama mwembamba ni mazuri. Anayeishiwa nguvu ni mama mwenyewe. Mutoto akishindwa kunyonya, kamua, umupe na kikombe kidogo. Mufunge kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hiyo ilianza Bogotá, kule Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kupasha watoto joto.

Siku za kwanza mutoto anapungua kidogo. Kisha anapashwa kuongeza karibu gramu 15 kwa kila kilo yake, kila siku. Mwenye kilo moja na nusu, ni kama gramu 22. Ni kidogo, lakini mizani inaiona. Asipoongeza, mumurudishe upesi kwa muganga.

Sasa ombi langu. Mfuko wetu unatoa pesa mbio mtu akifa. Ninaomba utoe pia mbele ya kilio: maharagi, ndagala, karanga na mafuta kwa mama mwenye mimba aliyekonda, na kwa yule anayenyonyesha mutoto mwepesi.

Na nyinyi wababa, leo jioni muangalie sahani ya mama iko na nini.