Waya Umefika Mjini; Shamba Je?

Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kutimiza miaka 10, Mlandege



Tumepewa dakika chache kusema juu ya intaneti, nasi twaanza na jambo la zamani. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulifika Unguja kwa chini ya bahari ukitokea Aden, ukaendelea kusini hadi Durban. Tangu hapo tajiri wa mjini alipata khabari za biashara za Ulaya kabla ya meli kuzileta. Mkulima aliyechuma karafuu aliendelea kuisikia bei kinywani mwa mnunuzi.

Leo mikongo ya nyuzi za kioo yapita bahari hii hii: SEACOM, ulioanza kazi mwaka 2009, na EASSy, ulioanza mwaka 2010. Yote miwili huingia nchi kavu Dar es Salaam. Umbali wa Ulaya si taabu tena. Taabu ni maili chache za mwisho. Mnara wa simu hauwi rahisi kwa kuwa umejengwa kisiwa cha Uzi, ilhali wateja wa Uzi ni wachache kuliko wa Darajani. Kampuni haikuundwa kutoa sadaka; huanza Darajani. Ndiyo sababu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, uchangie gharama za mawasiliano kule kusiko na faida.

Hata mnara ukisimama, mama wa mwani wa Paje au Jambiani ahitaji simu ifaayo, umeme wa kuitia chaji, na bando lisilokula pato lake. Tena, mikongo hiyo miwili ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota kote Tanzania. Basi madaftari ya karatasi tusiyatupe.

Halmashauri yapendekeza kwamba ziada ya mwaka huu isiongeze vyumba vya ofisi hii, bali ilipie intaneti katika ghala za vyama vya msingi, pamoja na kumfunza karani mmoja kila ghala. Kila asubuhi karani aandike ubaoni bei za Darajani na Mwanakwerekwe, asiye na simu naye azisome kabla ya kupakia ndizi zake garini. Wako watakaosema ofisi ni nyembamba. Ni nyembamba kweli. Sisi ndio tukaao humo.

Kura itapigwa baada ya sala ya alasiri. Wajumbe wachukue karatasi zao kwa karani aliyepo mlangoni.