Mofini na Daftari la Dawa

Wapo miongoni mwetu wanaomnyima mgonjwa wa saratani mofini kwa kudhani ni kilevi tu, naye akakesha akigumia. Wanazuoni wengi huiruhusu penye dharura. Wala haitolewi ovyo: tangu 1993 dawa za Uganda zina Mamlaka yake, na mofini haitoki ila kwa cheti cha mwenye idhini, kipimo kikaandikwa daftarini. (Pombe ya mtaani nani huiandikia daftari?) Mwaka huohuo Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda hapa Kampala, na mwaka 2004 waliruhusiwa hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika cheti. Mgonjwa akifariki, chupa iliyosalia irudishwe kwa walioitoa, isije ikaokotwa na mtoto.